UZI: Polisi kutumia nguvu, ni mara ngapi na ni saa gani wako na haki? Tuongee bila kutukanana

Mwenye uzi (Kampemba, L'shi)

Bandugu, salamu kwenu wote wa L'shi (Lubumbashi, Kongo) na wenye mko mbali. Nafungua hii uzi ju kila mara video ya polisi anamupiga mtu ikipita kwa WhatsApp, magrupu yanagawanyika palepale, hawa wanasema polisi ni wauaji, wale wanasema huyo mwivi alijitafutia, na kesho yake tumesahau mpaka video ingine itoke. Mimi naona tunachanganya maswali mbili. Kuna swali la mara ngapi, na kuna swali la kama ile nguvu ilikuwa lazima, pale pale, kwa ile dakika.

Tuanze na mara ngapi. Wamarekani wako na ofisi ya takwimu yenye inaenda kuuliza raia wenyewe, si polisi: mwaka huu ulikutana na polisi? alikutisha? alikugusa? Mwaka 2018 watu kama milioni 61 na nusu walikutana na polisi kule, na asilimia 2 kati yao wakasema walitishiwa ao walitumiliwa nguvu. Mtu akisikia 2 kwa 100 anasema ni kidogo, lakini piga hesabu, ni zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka mmoja. Na wenye kuuawa kwa risasi ya polisi ni karibu 1,000 kila mwaka, hiyo gazeti la Washington Post njo lilianza kuihesabu mwaka 2015, jina kwa jina, ju hesabu ya serikali ilikuwa inaacha watu wengi sana nje. Nchi tajiri vile, na ni waandishi wa habari njo walihesabu wafu.

Uingereza tangu 2017 kila polisi akitumia nguvu lazima ajaze fomu, hata kama ni pingu tu alivalisha mtu mwenye hakupinga. Njo maana hesabu yao inaonekana kubwa kupita kiasi, zaidi ya laki 6 kwa mwaka ulioisha Machi 2023, na sehemu kubwa ni pingu na kumshika mtu mikono. Risasi ni chache sana, polisi wengi wa kule hawabebi hata bunduki. Kwa hiyo hesabu kubwa haimaanishi polisi mkali, inaweza kumaanisha polisi mwenye anaandika.

Sasa kwetu. Hesabu yenye tunapata ni ya ofisi ya haki za binadamu ya UN, BCNUDH, wanatoa ripoti na ndani yake PNC, polisi ya taifa, inaonekana pamoja na FARDC, jeshi la taifa, na vikundi vya silaha. Lakini kule unaingia ukiuawa, ukiumizwa vibaya, ukibakwa, ukifungwa bila sababu. Kofi, kordelete (kamba ya kuchapia) kwa mgongo, teke kwa beseni ya mama, hiyo haiandikwe fasi yoyote. Na hiyo njo nguvu yenye watu wengi wa huu mji wanaijua kwa mwili wao.

Msimamo wangu nausema mapema: bila polisi kuandika kila mara alitumia nguvu, na mtu mwingine nje ya polisi kusoma kile aliandika, hii mabishano yetu haitaisha milele. Karibuni.

Mtu wa Katuba

Ndugu, unaongea vizuri lakini wewe unalala wapi? Huku kwetu usiku wezi wanakuja na AK, wengine na tenue ya jeshi, wanavunja mlango, wanafunga papa mbele ya watoto, wanachukua simu, feza, mpaka televizyo, na saa zingine wanafanya mabaya kwa wasichana. Tunapiga makopo na sufuria paka asubuhi ili majirani waamke. Sasa polisi akiua mmoja wa hao mnaanza kulia haki za binadamu, haki za binadamu. Na haki yangu mimi? Waacheni wafanye kazi. Mimi wakiangusha mwivi napiga makofi na siombi msamaha.

Mwenye uzi

Yaya, sikukatalii hata neno moja la usiku wa Katuba, na huku Kampemba ni vilevile. Mwivi akisimama mbele ya polisi na AK, akiinyoosha, polisi akapiga, hiyo sheria ya dunia nzima inamupa haki. Mimi nauliza juu ya yule mwenye amekwisha kushikwa, mikono nyuma, analala chini, halafu mlio wa risasi unasikika. Ao yule mwenye walimtoa nyumbani kwa jina tu jirani alilitaja.

Kinshasa walijaribu ile njia unapenda. Opereshe Likofi, Novemba 2013 mpaka Februari 2014, juu ya ba-kuluna, vijana wa magenge. Watu walipiga makofi mwanzoni kabisa. Human Rights Watch walipofanya uchunguzi wakapata vijana wasiopungua 51 waliuawa na 33 walipotea, wengi walitolewa nyumbani na polisi wenye wamefunika uso na kaguli, bila karatasi ya kumkamata mtu, na kati yao kulikuwa wenye hawakuwa kuluna hata kidogo. Ofisi ya UN nayo ikatoa ripoti yake Oktoba 2014, serikali ikamufukuza mkubwa wa ile ofisi nchini. Nauliza sasa: ba-kuluna waliisha Kinshasa? Miaka kumi kisha, Desemba 2024, serikali ikaanza opereshe ingine ya kuwafuata. Jibu unalo.

Mwanafunzi wa sheria (UNILU)

Naomba nichangie upande wa sheria ju watu wanadhani polisi wa Kongo hana sheria, anayo, na imeandikwa vizuri. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 yenye inapanga kazi ya polisi inasema polisi hawezi kutumia nguvu isipokuwa kwa lazima kabisa, kwa lengo halali, na kwa kipimo chenye kinalingana na hatari. Mwaka huohuo, Julai, ikatoka sheria yenye inafanya mateso kuwa kosa la jinai. Na Katiba, article 28, inasema hakuna mtu analazimishwa kutii amri yenye ni haramu wazi wazi. Kwa hiyo «shefu njo aliniambia» si kinga.

Halafu ile swali ya mwivi mwenye anakimbia, yenye inarudi kila siku, nawapa kesi moja ya Marekani, tunaisoma sana. Memphis, mwaka 1974, usiku, kijana wa miaka 15 anaitwa Edward Garner ameingia nyumba ya watu. Polisi anafika, anamuona kwa mwanga wa tochi nyuma ya nyumba kando ya seng'enge, anaona mikono, na baadaye kotini polisi mwenyewe akasema alikuwa karibu na uhakika kwamba mtoto hana silaha. Mtoto akaanza kupanda seng'enge. Polisi akapiga risasi nyuma ya kichwa. Walimkuta na dola 10 na pochi. Na sheria ya lile jimbo ilikuwa inaruhusu, ndiyo, kupiga mwenye anakimbia ilikuwa halali! Papa ya mtoto akafuata kesi miaka na miaka mpaka mwaka 1985 Koti Kuu ikasema hapana, huwezi kuua mtu ju tu anakimbia, lazima uwe na sababu ya kuamini yeye ni hatari kwa maisha ya polisi ao ya wengine.

Miaka minne baadaye, 1989, koti hiyohiyo ikasema kwa kesi ingine, ya mtu anaitwa Graham, kwamba polisi ahukumiwe kwa kile polisi mwenye akili angeona kwa ile sekunde, si kwa kile sisi tunajua kesho yake tumekaa kwa kiti. Hiyo inamlinda polisi, na wengi wanalalamika inamlinda kupita kiasi. Lakini muone swali lenyewe: ulikuwa hatari kiasi gani SASA. Kosa la jana peke yake halitoshi.

Manseba

Mi niko manseba, natumika na moto, ile pikipiki ya kubeba batu, upande wa Kasapa paka Carrefour. Njo bintu minaonaka kila siku, mwacheni niseme. Polisi ya rulaji, ya barabarani, hapige filimbi, anaruka mbele ya moto, anashika gido (usukani), mwenzake anatosha funguo. Ukikamata funguo yako kidogo tu, kordelete inashuka pa vidole. Haiko pa kichwa, haiko pa mugongo, ni pa vidole ju uachilie. Banajua kabisa fasi ya kupiga. Kisha banasema «twende biro», na pa biro hakuna mutu anaandika kintu, banakuuliza paka uko na ngapi.

Siku moja nilikuwa na mama ya mimba nyuma, nikienda naye polepole pa hospitali. Akaruka mbele namna yao, nikakamata freni, moto ikalala upande, mama akaanguka na mukono. Mukono ikavimba palepale. Polisi mwenyewe akaogopa, akainua mama, «pole mama, pole mama», akanirudishia funguo bila kulomba kintu, akapotea. Mama alilala pa barabara akilia tumbo. Ile nguvu ilikuwa ju ya nini? Kaski! Sikuvaa kaski. Ningelipa amande (faini) bila shida kama bangenisimamisha sawa batu.

Ninyi munaongea risasi risasi, siye batu ba chini tunaisha na kordelete.

Mtoto wa kampi

Nimesoma yote na natetemeka kidogo kuandika, lakini acheni niseme. Papa yangu alianza jandarme wakati wa Mobutu, akaishia polisi. Nimezaliwa kampi, tumelelewa watoto wote kwa chumba kimoja na ridoo katikati. Tenue alikuwa ananunua yeye mwenyewe, buti pia. Mshahara unachelewa, na ukifika hautoshi unga ya mwezi. Asubuhi mama anamuuliza «unatuletea nini leo?», na yeye anatoka na ile swali kichwani anaenda kusimama barabarani. Manseba, pole sana, ile ya mama wa mimba imeniuma. Lakini mujue huyo polisi naye kuna mukubwa anamungojea jioni na anataka ripoti, na nikisema ripoti mnaelewa ni feza.

Na kitu kingine hakuna mtu anasemaka. Wanatuma polisi sita mbele ya watu mia tatu wenye hasira. Wanabeba nini? AK. Hawana ngao, hawana kaski, gazi ya machozi imebaki kwa wakubwa mjini, redio hakuna. Mawe yakianza kuanguka, mtu huyo ako na mikono yake na ako na risasi, katikati hakuna kitu. Papa alituambia mara moja alipiga hewani akiwa macho amefunga, ju ya woga. Risasi ya hewani nayo inashuka fasi. Sisemi ana haki. Nasema wenye walimtuma vile nao wako na kosa, na hao hawaonekanake kwa video.

Mwanafunzi wa sheria (UNILU)

@Mtoto wa kampi asante kwa kuandika, na hata sheria iko upande wako hapo. Kanuni za UN juu ya nguvu na silaha za moto, za Havana mwaka 1990, zinasema serikali INAPASWA kuwapa polisi vifaa mbalimbali, ngao, kaski, vyombo vyenye haviui, ili wasilazimike kukimbilia risasi. Na zinasema mukubwa mwenye alijua ao alipaswa kujua kwamba watu wake wanatumia nguvu vibaya na hakuwazuia, naye anajibu. Kwa hiyo kumfunga yule wa chini peke yake ni nusu ya kazi.

Binti wa soko

Niongezee ya wamama. Mama yangu anauza matembele na lengalenga pembeni ya barabara ju meza ya ndani ya soko hana uwezo wa kuilipa. Polisi wakija na wale wa meri kufukuza wauzaji, hawasemi toka kwanza. Kwanza ni buti ndani ya beseni. Halafu toka. Mama ameshika beseni kwa mikono mbili, mwingine anamuvuta kitambaa cha kichwa, na mboga ya mkopo inakanyagwa mbele yake, ile mkopo ya asubuhi yenye atalipa jioni na riba. Sikatai mji unahitaji usafi. Lakini sheria hiyo mnasema «kwa lazima kabisa», mama wa miaka 58 na beseni ni lazima gani? Na ile siku hakuna hata mmoja alimuandikia prosesi, karatasi ya kosa. Hakuna karatasi. Kosa ilihukumiwa na buti.

Muzee wa Kamalondo

Wanangu, hii haikuanza jana. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa hapa, wakati mji unaitwa Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa kwenye mgomo, bei imepanda kwa sababu ya vita na mshahara umebaki pale pale. Waliwakusanya kwa uwanja wa mpira. Gavana Maron alikuwepo mwenyewe. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, aliuawa pale, na askari wakafyatulia watu. Wafu walikuwa makumi, na hesabu yao inabishaniwa paka leo. Wazee wetu walikulia ndani ya ile habari. Na Marikana kule Afrika ya Kusini, 16 Agosti 2012, polisi wa nchi huru, wa serikali yenye watu walipigia kura, waliua wachimba madini 34 kwa siku moja, nao walikuwa wanaomba mshahara. Sisi watu wa migodi tunaielewa hii kwa haraka kuliko wengine.

Mtu wa Goma

Mimi nilikuwa Goma tarehe 30 Agosti 2023. Wale hawakuwa polisi, walikuwa jeshi, Garde républicaine, walinzi wa rais, lakini naileta ju ni mambo yaleyale. Waumini wa dini moja walitaka kuandamana kupinga MONUSCO, jeshi la UN, meri alikataza. Asubuhi sana jeshi lilikuwa limeshafika kwao. Baadaye kundi likamuua polisi mmoja kwa mawe, na hiyo ni dhambi, nasema wazi. Lakini jibu yake ilikuwa zaidi ya maiti 40, na video ya miili ikitupwa ndani ya gari kila mtu aliiona. Kama si ile video, ingesemwa ni waasi walikufa. Kwa ju ya video, mwezi mmoja tu baadaye koti ya kijeshi ikamuhukumu kanali kifo.

Mtu wa Katuba

Sawa, ya mtu mwenye amefungwa mikono nakubali, siwezi kutetea. Na ya mama wa mboga, hapana, ile ni unyama. Lakini mnanieleza nini juu ya parke, ofisi ya waendesha mashtaka? Tukimpeleka mwivi polisi asubuhi, jioni amerudi kwa barabara anatucheka, ametoa feza akatoka. Njo maana watu wanachoma mtu na matairi. Polisi akiua angalau ni serikali.

Mwenye uzi

Hapo umegusa penyewe. Mwivi anatoka ju hakuna karatasi yenye inamfuata, na mama ya mboga anapigwa ju hakuna karatasi yenye inamfuata polisi. Ni shimo moja. Mkubwa mwenye anauza kutoka kwa mwivi njo huyohuyo hatataka polisi wake aandike.

Na usiseme «angalau ni serikali», yaya. Floribert Chebeya aliitwa kwa ofisi kubwa ya polisi Kinshasa, mwezi wa 6 mwaka 2010, hakuwa mwivi, alikuwa mtetezi wa haki. Kesho yake maiti yake ikapatikana ndani ya gari. Dereva wake Fidèle Bazana, familia haikuzika hata mwili wake. Hukumu za kwanza zilitoka 2011, lakini kesi iliendelea mpaka 2022, polisi mmoja wa cheo akahukumiwa kifo. Miaka kumi na mbili! Goma ilichukua mwezi mmoja. Tofauti ya hizi kesi mbili sio sheria, sheria ni ileile, polisi na askari wote wanahukumiwa na koti ya kijeshi, Katiba article 156. Tofauti ni kwamba Goma dunia yote ilikuwa imeona.

Wakenya walijaribu kutoka kwa hiyo, wameunda IPOA, ofisi ya raia yenye inachunguza polisi, sheria ya 2011. Haikuzuia watu kuuawa kwa maandamano ya Juni 2024, makumi ya vijana. Lakini muangalie kesi ya Albert Ojwang, Juni 2025: polisi wakasema alijigonga kichwa mwenyewe kwa ukuta wa selo. Daktari akafungua mwili, akasema hapana, alipigwa na kukabwa shingo. Na polisi wakafikishwa kotini kwa kosa la kuua, pamoja na mukubwa wa kituo. Mukubwa wa kituo, musikie. Hiyo kwetu sijaizoea.

Manseba

Bon, mi nauliza tu ya faida. Leo usiku bakipiga ndugu yangu ndani ya kasho (selo ya polisi), nifanye nini? Ju siye hatujue Havana.

Mwanafunzi wa sheria (UNILU)

Yaya, fanya hivi. Nenda mapema na mtu mwingine, usiende peke yako. Katiba article 18 inasema mtu amekamatwa aambiwe sababu palepale, kwa luga anaelewa, na awasiliane na familia ao avoka palepale, na haiwezi kupita masaa 48 bila kumufikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria ao kumuachilia. Uliza jina la OPJ, polisi mwenye anachunguza kesi, mwenye ako na dosye, liandike. Usipige kelele, sema shefu, omba, lakini andika. Akitoka, siku ileile, kabla ya kuoga na kabla ya uvimbe kushuka, mpeleke kwa daktari aandike kila alama, na upige picha na tarehe. Lalamiko la polisi haliendi kwa parke ya kawaida, linaenda oditora ya kijeshi, yaani waendesha mashtaka wa koti ya kijeshi, na hapo watu wengi wanapotea, wanazunguka parke miezi wakiambiwa si hapa. Acha nakala moja kwa shirika la haki za binadamu lenye liko karibu na ingine kwa BCNUDH kama wanafikika.

Binti wa soko

Na ile karatasi ya daktari, wanailipisha ngapi? Ju mama alirudishwa mara moja kwa kukosa hiyo feza.

Mwanafunzi wa sheria (UNILU)

Inategemea hospitali, na hiyo ni shida kweli. Kuna maavoka wenye wanafanya bure kwa watu wasio na uwezo, barreau, chama cha maavoka, iko na biro ya hiyo kazi, waulize pale palais de justice, wakati mwingine wanasaidia na hiyo karatasi pia. Niandikie pembeni, nitakuambia ufike siku gani.

Mwenye uzi

Wenye mko na karatasi ya daktari ao picha zenye ziko na tarehe, musizifute kwa simu. Muziweke fasi mbili. Manseba, muko na asosyasyo yenu, muombe katibu wenu aanze daftari: siku, saa, fasi, kile kilifanyika, nani aliona. Jina la polisi kama linaonekana kwa tenue. Na mama yule mwenye alianguka na mimba, kama kuna mtu anamjua, aulize kama angekubali kueleza.